Ameshikwa Stoo Akiimba

Simu ya Muthamia ilikuwa na ugonjwa mmoja: haikujua kunong'ona. Siku ilipoanguka kwenye ndoo ya maziwa, spika ya sikioni ilikufa ikabaki ile ya kupiga kelele, na tangu hapo kila aliyempigia alikuwa anazungumza na kijiji kizima. Watu walishazoea. Tena wengine, nakwambia, walikuwa wakisogea makusudi ikilia, kwa maana habari ya bure nani ataikataa.

Siku hiyo ililia kwenye kituo cha kununulia majani chai, huko chini ya Kanyakine, watu wakiwa wamepanga vikapu vyao wakingoja lori. Muthamia alikuwa ameinamia kikapu chake akiokota majani yaliyokomaa na kuyatupa pembeni, kwa sababu karani wa siku hizo alikuwa mkali na Muthamia hakupenda kurudishwa mbele ya watu. Alifuta mikono kwenye koti, akabonyeza simu.

"Halo! Ni mbaba Mwendwa?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Ni Njuki, askari wa ngeti, huku shuleni. Sikia, mzee. Msichana wako ameshikwa. Ameshikwa stoo ya chakula akiimba, yeye na wengine, lakini yeye ndio kiongozi wao. Ndeputi amemtuma nyumbani. Kesho umrudishe wewe mwenyewe, asumbuhi kambisa."

Simu ikakatika. Kituo kikanyamaza, hata wale wanawake waliokuwa wakichekea kibandani wakanyamaza.

Huyu Njuki alikuwa mtu wa Embu, na Kiswahili chake kilikuwa cha wengi wetu huku mlimani. B haitoki kinywani mpaka ishikwe mkono na m, nazo d na g hutanguliwa na n. Baba ni mbaba, geti ni ngeti, na mtu akiiba, basi ameimba. Hatuchekani sana kwa hilo, kwa kuwa sote ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja, na masikio yetu yamejifunza kuzing'oa hizo herufi kama magugu na kuendelea na safari. Muthamia akazing'oa. Ya baba akaing'oa, ya asubuhi akaing'oa, na ya akiimba akaing'oa pia. Masikini, hiyo ya mwisho ilikuwa mahali pake.

"Stoo ya chakula," alisema mtu nyuma yake, polepole.

"Pole, mzee," alisema Mutembei, jirani yake, akimshika bega. "Labda ni njaa tu. Wanalishwa maharagwe ya wadudu huko. Lakini unajua tena, mtoto umleavyo."

Hakuimalizia hiyo methali, na Muthamia aliuona huo ukarimu wa kutoimalizia ukimchoma kuliko matusi. Ndugu yake Koome aliwahi kushikwa na kahawa ya kiwanda, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wao aliyepima kitu bila mtu mwingine kuchungulia mizani. Muthamia alikuwa ameishi maisha yake yote akiwa mwangalifu kwa ajili ya hilo. Alikuwa mzee wa kanisa. Hata ndizi ya jirani ikiangukia upande wake wa ua, aliirudisha. Sasa aliacha kikapu chake palepale, hakungoja lori, akapanda kilima kuelekea nyumbani, na nyuma yake sauti zikaanza kurudi moja moja.

* * *

"Nani amesema?" Makandi, mke wake, aliuliza. Alikuwa anamenya ndizi za kuchemsha, na kisu kilisimama.

"Askari wa shule."

"Askari alimwona akichukua?"

"Mama Mwendwa, usinifanye mjinga."

"Sijasema wewe ni mjinga. Nimesema mtoto akifika, aulizwe kwanza. Huyu si mtoto wa kuchukua kitu cha mtu. Hata sukari ya hapa nyumbani huomba."

"Ataulizwa," Muthamia alisema, akaketi kwenye kigoda mlangoni, akiitazama njia.

Wakati yeye anaitazama njia, wacha niwaambie huyo msichana alikuwa amefanya nini. Mwalimu mkuu mpya alikuwa amekata mazoezi ya kwaya. Matokeo ya mtihani yalikuwa yameanguka, mtu wa kulaumiwa akatafutwa, na kwaya haina wakili. Zikabaki zile dakika chache kati ya githeri ya mchana na kengele ya masomo, tena siku mbili tu kwa wiki, na tamasha la muziki la kaunti lilikuwa linakuja mbio. Mwalimu Kivuti, aliyefundisha hesabu mchana kutwa na kuota nyimbo usiku kucha, hakubishana. Alipanga. Kila sauti aliipa kiongozi, na kila kiongozi akaagizwa kuwafunza wenzake pembeni, wakifua, wakingoja chakula kwenye foleni, popote, ili wakikutana naye wawe wamejua. "Hapa kwangu ni kushona tu," aliwaambia. "Kitambaa mkate huko kwenu." Hakuna aliyeruhusiwa kuanza wimbo mwanzoni, maana mwanzo kila mtu anaujua, walianzia pale panapouma. Na kulikuwa na sheria aliyoirudia mpaka wasichana wakaiota: kosa lisilotengenezeka leo, liruke, wenzako wasikungoje.

Mwendwa alipewa sauti ya pili. Hiyo si sauti ya mtu wa kupenda sifa. Ikiwa sawa hakuna anayeisikia, ikikosea ukumbi mzima unajua ni nani. Aliwatafutia wenzake mahali pa kujifunzia akapata stoo, katikati ya magunia, kwa sababu magunia humeza mwangwi na kila mmoja husikia alipokosea, hana pa kujificha. Mpishi aliwaachia mlango wazi. Waliingia humo wakati wa prepu, wakati ambao mtu anatakiwa awe na kitabu mbele yake, na hilo ni kosa, mimi sitamtetea. Naibu wa mwalimu mkuu, yule ndeputi wa Njuki, alipita nje, akasikia nyimbo zikitoka kwenye mahindi. Basi, hiyo ndiyo kesi yote.

Mwendwa alifika jua likiwa linaelekea kushuka, amebeba begi mgongoni, uso wake mtulivu. Kosa lake alilijua, na adhabu yake alishaikadiria: kufyeka nyasi shuleni, na maneno makali ya baba nyumbani. Alisalimu. Muthamia hakuitikia salamu.

"Ni kweli umeshikwa ndani ya stoo?" alimuuliza kwa Kimeru.

"Ni kweli, baba. Lakini sisi tu—"

"Na wewe ndiye uliyewaongoza wengine?"

"Ndiyo, ni mimi."

Kwa Kimeru, kuimba na kuiba ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Kama angeuliza swali moja tu zaidi, mlikuwa mkifanya nini humo, mambo yangeishia kwenye kicheko na chai. Hakuuliza. Mkono wa mtu anayepasua kuni na kuchuma chai si mkono wa karani, na uliposhuka ulimpata Mwendwa sikioni, upande wa kushoto, kiganja kizima. Akaanguka karibu na ghala, begi likamwangukia.

"Murungu wakwa!" Makandi alipiga kelele, kisu kikimtoka mkononi. "Utaniulia mtoto!"

"Umeniaibisha," Muthamia alimwambia msichana. "Mbele ya kituo kizima. Watu wote wamesikia."

Mwendwa hakulia. Aliinuka, akajipangusa sketi, mkono mmoja ukiwa umeshika sikio, akamtazama baba yake kwa mshangao. Alikuwa anajiuliza ni tangu lini kuimba kukawa aibu kubwa namna hiyo. Kisha akaingia jikoni kumsaidia mama yake kumenya ndizi.

Asubuhi alisema sikio linapiga filimbi.

"Litanyamaza," baba yake alisema.

* * *

Alibeba kigunia cha mahindi. Yalikuwa ya mbegu, yale aliyoyachagua kwa mkono na kuyahifadhi kwa msimu ujao, kwa sababu aliona haya kupeleka yaliyoliwa na fukusi. Alikifunga nyuma ya bodaboda, Mwendwa akakaa katikati yake na mwendeshaji. Mwendwa alidhani ni mchango fulani wa shule, hakuuliza.

Naibu wa mwalimu mkuu, Madam Lydiah, aliwapokea ofisini. Mwalimu Kivuti alikuwepo, amekuja kuomba radhi kwa niaba ya kwaya yake, na mwalimu mmoja kijana alikuwa pembeni kwenye mashine ya kutoa nakala. Muthamia alivua kofia. Aliweka kigunia sakafuni katikati ya ofisi, kwa heshima.

"Karibu, mzee. Hii ni nini tena?"

"Ni ya kulipa, madam. Sijui alichukua kiasi gani. Nimeleta ya mbegu, ni safi, unaweza kufungua uangalie. Na kama hayatoshi niambiwe, nitaleta mengine. Mimi ni mzee wa kanisa. Sisi si wezi."

"Kuiba nini?"

"Chakula. Huko stoo."

Mwalimu kijana aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Madam Lydiah alivua miwani.

"Mzee, huyu hakuiba kitu. Aliimba. Walikuwa wanaimba wakati wa prepu, mahali ambapo hawaruhusiwi kuingia. Ni hilo tu nililokuitia."

"Niliambiwa ni wizi."

"Na nani?"

Njuki akaitwa kutoka getini. Aliingia na kofia mkononi, akaelezwa, akaruka.

"Hapana, madam! Mimi nilimwambia anaimba!"

"Ndivyo nilivyosikia," Muthamia alisema. "Ulisema anaimba."

"Si ndio! Anaimba! Ya mdomo!" Njuki akafungua kinywa chake chote na kukionyesha kwa kidole, ili mzee aelewe ni kuimba gani.

Hapo hata Madam Lydiah alishindwa kujizuia. Mwalimu kijana alikuwa ameshikilia mashine asianguke. Njuki alicheka kwa sababu wakubwa wamecheka, na Muthamia naye akajaribu, akatoa meno, akaikunja kofia yake na kuikunjua. Kigunia kilikuwa palepale katikati, na hakuna aliyejua kama kirudishwe kwenye pikipiki au kipelekwe jikoni.

"Baba," Mwendwa alisema kwa Kimeru. Aliongea kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Kumbe ulidhani nimeiba?"

Muthamia alikitazama kigunia.

"Mimi nilidhani umenipiga kwa sababu ya nyimbo. Nikasema ni sawa, nilikosa. Kumbe ulidhani mimi ni mwizi?"

Madam Lydiah alikuwa Mwembu, lakini Kimeru alikijua cha kutosha. Akarudisha miwani yake. Kicheko kilikwisha ofisini, na Mwalimu Kivuti, ambaye kazi yake ni kusikiliza, alikuwa ameshaona jinsi msichana anavyogeuza kichwa chake chote kila mtu anapozungumza.

"Mwendwa, una nini kwenye sikio?"

"Linapiga filimbi, mwalimu."

"Mpeleke hospitali, mzee," Kivuti alisema. "Usimpeleke kesho. Mpeleke sasa hivi."

* * *

Daktari aliangalia na kijitochi chake kwa muda mrefu. Ngozi ya ndani ya sikio imepasuka, alisema. Yaweza kujiunga yenyewe kwa miezi, yaweza isijiunge, na hata ikijiunga, usikivu hauwezi kuahidiwa. Maji yasiingie. Warudi kliniki.

"Iliumiaje?"

"Nilianguka," Mwendwa alisema haraka.

Daktari alimtazama Muthamia. Huo ulikuwa wakati wake wa kusema, mlango ulikuwa wazi kabisa, na mzee wa kanisa akainamisha kichwa akauacha uongo wa mtoto umfunike. Aliporudi nyumbani jioni hiyo alimwambia Makandi maneno yote ya daktari isipokuwa lile swali na uongo uliolijibu. Makandi alisikiliza, akainuka, akaenda kukamua ng'ombe, na kwa siku kadhaa alimwekea mumewe chakula mezani bila kusema lolote.

Kulikuwa na deni lingine. Jumatatu alikwenda kituo cha majani chai, akangoja watu wajae, akapanda kwenye jukwaa la mizani.

"Jamani," alisema, "ile simu mliisikia. Nilisikia vibaya. Mtoto wangu si mwizi. Alikuwa akiimba. Nyimbo za kwaya."

Watu walimtazama. Mmoja akaitikia kwa kichwa, kisha mwingine.

"Sawa, mzee," Mutembei alisema kwa upole. "Tumeelewa. Alikuwa akiimba." Na akawatazama wenzake. "Hata mimi wangu angekuwa ameimba, ningesimama hapo hivyo hivyo."

Mtu fulani alikohoa kuficha kicheko. Muthamia alifungua kinywa aeleze ni kuimba gani, akaona kwamba hana neno lingine, kila atakalosema litatoka na m na litasikika bila m. Angeweza kusema kwa Kimeru, na kweli akasema, lakini wakati huo karani alikuwa ameanza kupima na kila mtu alikuwa anasukuma kikapu chake mbele. Maji yakishamwagika, jamani, nani huyazoa?

* * *

Alhamisi iliyofuata alimrudisha Mwendwa shuleni kutoka kliniki saa ya chakula cha mchana. Walikuta wasichana wameshameza githeri yao haraka, wamesogeza meza za bwalo, wamejipanga. Kivuti alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Mwendwa, ingia. Hatusalimiani, tutasalimiana tukimaliza. Pale panapouma, moja, mbili."

Muthamia alibaki dirishani. Hakuwa amewahi kuona mazoezi ya kwaya maishani mwake. Alikuwa anajua kwaya za kanisani, ambapo watu hukaa mchana kutwa kwa wimbo mmoja wakila mihogo. Hapa hakuna aliyegeuza shingo. Kivuti alikata, akaelekeza kidole, neno moja, wakaendelea. Sauti ya kwanza ilikuwa upande wa kushoto wa Mwendwa, juu na nyembamba. Yeye alikuwa katikati ya kundi lake, na Muthamia, ambaye hajui noti, aliona kwa macho kitu kikianza kwenda kombo. Mwendwa alikuwa akigeuza kichwa. Upande wa kushoto kwake ulikuwa kimya, hakujua tena wenzake wa juu wako wapi, akateremka kidogo, na kundi lake lote likateremka naye, kwa sababu walikuwa wamezoea kumfuata.

"Simama. Tena."

Wakarudia. Akateremka tena.

"Mwendwa, hamia mwisho, huku kushoto kwako, watu wote wawe upande wako mzima."

Akahamia. Sasa akawa ubavuni mwa sauti ya kwanza, ikamjaa kwenye lile sikio moja, na baada ya mistari michache alikuwa akiimba wimbo wao badala ya wake. Akajua mwenyewe. Akaacha katikati ya neno. Wasichana nao wakaacha, wakitazama chini. Kivuti aliangalia saa ya ukutani, kisha akamwangalia Mwendwa.

"Mwalimu," Mwendwa alisema, "niruke."

"Ngoja, tujaribu—"

"Muda utaisha. Mukiri anaijua sauti yote, nilimfunza mwenyewe. Niruke, mwalimu, wasiningoje."

Akatoka kwenye mstari, akakaa kwenye meza zilizosogezwa, mikono mapajani. Kivuti alisimama juu ya benchi lake kwa muda ambao hakuwa nao. Halafu akainua mkono.

"Mukiri, chukua. Pale panapouma."

Kengele ilipolia, Muthamia alimfuata mwalimu mpaka mlango wa darasa.

"Mwalimu, nakuomba. Mpe muda. Daktari amesema laweza kupona."

"Lini?"

"Miezi."

"Mzee, mimi nina Jumanne na Alhamisi." Kivuti alikuwa na chaki mkononi na alikuwa akiivunja vipande. "Ningekuwa na muhula mzima ningemfunza kuimba kwa sikio moja, wako watu wanaoimba hivyo. Ningemkalisha nami kila siku. Lakini nimekatiwa mpaka nimebaki na mkia, na hao wengine ni watoto wa watu pia. Unataka nimwambie nani asubiri?"

"Kosa si lake."

"Najua si lake."

"Ni langu."

"Najua, mzee," Kivuti alisema, akaingia kufundisha hesabu.

Mwendwa hakuacha kwenda stoo. Madam Lydiah, labda kwa aibu ya kile kicheko, alikuwa amewapa ruhusa ya jioni, na huko katikati ya magunia Mwendwa alimkalisha Mukiri upande wake wa kulia na kumfunza kila alichokijua. Makandi aliposikia hayo, alilia sana. Muthamia alitoka nje akapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

* * *

Tamasha lilifanyika Kaaga. Kivuti alimwombea Mwendwa nafasi ya kwenda na basi la shule, lakini msichana akasema atakwenda na wazazi wake. Walipata viti karibu na nyuma. Mwendwa alikaa katikati amevaa sare yake, mama yake kulia, baba yake kushoto. Ukumbi ulijaa shule za kila upande, mashati ya kila rangi, na walimu wa kwaya waliokuwa wakifuta jasho hata kabla ya kupanda jukwaani.

Shule yao iliitwa. Wasichana walipanda bila haraka, wakajipanga kwa zile hatua walizofunzwa bwaloni, Kivuti akainama kwa waamuzi. Wakaanza.

Mwendwa alikaa ameegemea mbele, sikio lake zima ameligeuzia jukwaa. Midomo yake ilikuwa inakwenda na wenzake bila sauti, na vidole vikipiga taratibu gotini. Walipokaribia pale panapouma, vidole vilisimama. Sauti ya kwanza ilipanda, zile za chini zikafuata, na ile ya pili ikapita katikati ya zote salama kabisa, hata mtu mmoja ukumbini hakujua kwamba kuna kitu kigumu kimepita. Mwendwa alijua. Alitabasamu, na palepale machozi yakaanza kumtiririka, na hakuyafuta.

Muthamia aliyaona. Alikuwa amekuja na neno lake tangu nyumbani, amelibeba siku nyingi, amelifanyia mazoezi shambani katikati ya chai akiwa peke yake. Babake hakuwahi kulisema kwake, wala yeye hakuwahi kulisema kwa mtoto. Akainama karibu na bintiye, karibu kabisa, akalisema kwa Kimeru, polepole, lote.

"Mwanangu, nilikukosea. Nilikupiga bila kukuuliza. Nikakuacha useme ulianguka. Nisamehe."

Mwendwa hakugeuka. Alikuwa akitazama jukwaa. Muthamia alingoja, na wimbo ukaendelea, na alipoona hata kope haijatikisika alijiambia ni haki yake, amekataa, na angekuwa yeye angekataa pia. Makandi, upande wa pili, hakuwa amesikia kitu kwa ajili ya nyimbo.

Kwaya ilimaliza. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, watu wakasimama, na Mwendwa akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Ndipo alipogeuza uso wote kwa baba yake, akifuta mashavu.

"Baba, ulikuwa ukiniambia kitu?" aliuliza kwa ile sauti yake mpya, ya juu, ya mtu asiyejua anasikika kiasi gani. Watu wa mstari wa mbele waligeuka. "Niliona mdomo wako ukienda. Rudia, sema kwa nguvu, huko sisikii."

Muthamia aliwatazama wale watu waliogeuka. Alikuwepo mwalimu mmoja, na mama mmoja wa kanisa lao, na kijana aliyekuwa anatafuna karanga, wote wakingoja kusikia mzee amesema nini. Alivuta pumzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya goti, akauficha chini ya kofia.

"Nimesema wameimba vizuri," alipaaza sauti.

"Ee, baba," Mwendwa alisema, akageukia jukwaa tena. "Wameimba vizuri sana."